Fundi Atakayerudi Kesho

Aliyewahi kukarabati nyumba Katoro, Nyarugusu, Kakola au Mwakitolyo anaijua simu ya saa nne asubuhi. Fundi yuko juu ya jukwaa, plasta imefika nusu ya ukuta, simu inaita. Anasikiliza, anashuka, ananawa mikono. Kuna rashi ya dhahabu imetokea porini, wenzake wameshaanza kutoa mifuko ya mawe, na akichelewa hadi kesho atakuta maduara yote ya kuchimba yana wenyewe. Saruji iliyokwisha changanywa inaganda kwenye karai. Wiki mbili baadaye bado simu yake haipatikani.

Nayaandika haya kwa wenye nyumba wa Shinyanga, Kahama na Geita kwa sababu ushauri mwingi kuhusu mafundi unatoka miji mikubwa, na huko swali la kwanza ni kama fundi anaijua kazi. Kwetu wanaoijua kazi wapo wengi. Kinachotusumbua ni kumpata atakayebaki mpaka kazi iishe, na ambaye kesho kutwa bomba likivuja utajua pa kumpata. Mengine yote nitakayosema yanaanzia hapo.

Tukumbuke kwanza kwamba wengi wetu ukanda huu hatujuani. Mwaka 2012, mwaka uleule Mkoa wa Geita ulipoanzishwa, sensa ilihesabu humo watu milioni 1.7 na kitu. Sensa ya 2022 ilikuta karibu milioni 3. Shinyanga nayo ilipanda kutoka milioni 1.5 hadi zaidi ya milioni 2.2. Waliozaliwa wamo, lakini wamo pia wengi waliokuja kutoka Kigoma, Kagera, Mara, Tabora na kwingineko wakifuata dhahabu, au wakiwafuata wanaofuata dhahabu. Mafundi ni sehemu ya msafara huo. Kijijini kwenu unamjua fundi mwashi, baba yake, na ukuta aliowahi kuuangusha. Katoro unakutana na mtu mwenye mwiko na maneno matamu, basi.

Kwa hiyo kabla hujauliza fundi anajua nini, tafuta kujua ni nini kinachomshika hapa. Familia yake iko wapi? Watoto wanasoma shule ipi? Yumo kwenye kikoba, kwenye jumuiya ya kanisa, kwenye swafu za msikiti wa mtaa? Ana kiwanja hata kama hajakijenga? Ana vijana anaowafundisha kazi? Haya si maswali ya kumhoji mtu kama polisi, ni mazungumzo ya kawaida ya kujuana, na mtu mwenye mizizi huyajibu bila kusita kwa sababu hana cha kuficha. Mimi nikipewa kuchagua kati ya fundi hodari wa kupita na fundi wa kawaida ambaye mkewe anauza nyanya soko ninalonunua, namchukua huyo wa pili. Kazi yake nitaisimamia. Yule hodari sitajua hata pa kumwulizia.

Namna ya kuulizia nayo ina maana. Ukimwuliza jirani, "Unamjua fundi mzuri?" atakutajia shemeji yake. Mwulize aliyemtengenezea yeye ni nani, lini, na alipomwita arekebishe kasoro alikuja? Swali hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote. Halafu omba kuiona kazi yenyewe, na usitosheke na kazi ya mwezi uliopita. Paa lililoezekwa Agosti linapendeza kwa kila mtu. Nenda ukaone lililokwisha pigwa na masika angalau moja. Ukuta uliopakwa rangi jana haukuambii lolote. Uangalie ule wa mwaka juzi, chini karibu na sakafu, ambako unyevu hupanda na plasta hutoka vipande.

Wauza duka la vifaa vya ujenzi wanajua mengi. Wanaona nani hurudisha bomba lililobaki na nani huandika mifuko minane ya saruji kwenye kazi ya mitano. Lakini tuseme wazi: maduka mengi humpa fundi kitu kidogo akiwaletea mteja, hivyo sifa za muuzaji mmoja hazitoshi. Pita maduka mawili matatu, na jina likitajwa na duka ambalo fundi huyo hanunui kwao, hilo lina uzito.

Kahama ina hazina yake ambayo wengi hawaifikirii. Mgodi wa Buzwagi ulioanza kuzalisha mwaka 2009 ulifikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021, na mji kama huo hubaki na watu waliofanya kazi mgodini au kwa wakandarasi wake: wachomeleaji, mafundi umeme, mafundi bomba, watu waliozoea kuvaa kofia ngumu na kukata umeme kabla ya kugusa waya. Nidhamu hiyo ni mali. Angalizo langu ni moja tu. Aliyezoea mitambo mikubwa anaweza asijue vijumba vyetu vya tofali za kuchoma, kwa hiyo naye muulize kazi za nyumba alizofanya.

Kuna pia VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, yenye chuo Shinyanga na vyuo vingine katika ukanda huu. Watu wanadhani VETA ni kwa ajili ya vijana waliomaliza shule tu. Ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani: fundi anapimwa kwa vitendo kwa anachokijua, na akifaulu anapewa cheti. Ndiyo maana kumwuliza fundi wa miaka hamsini kama ana cheti si kumdharau. Cheti peke yake hakimfanyi arudi kesho, lakini kinakupa jina lake kamili, kozi, na mahali pa kumwulizia. Ukiwa karibu na chuo, nenda kaongee na walimu. Wanawafahamu waliowafundisha, na aghalabu watakwambia bila kuficha ni nani mvivu.

Sasa umempata mtu. Ameletwa nyumbani. Hapa ndipo wengi tunapokosea mwelekeo: tunaanza kumweleza tatizo na kumtajia dawa yake. "Ufa huu unataka saruji tu." Fundi anayetaka hela atakubali. Mpeleke penye kasoro, nyamaza, umwangalie.

Nichukue mfano wa ufa kwenye ukuta, maana ndio ugonjwa mkuu wa nyumba za Shinyanga. Sehemu kubwa ya mabonde yetu ni udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi. Unaponyeshewa unavimba, kiangazi unasinyaa na kupasuka mpaka mguu wa ng'ombe unazama. Nyumba iliyosimama juu yake inainuliwa na kushushwa kila mwaka. Juu kidogo, kwenye luseni ya kichanga, nyumba hiyohiyo ingetulia. Ukiwa Geita karibu na mgodi mkubwa, watu wa mitaa inayopakana nao wamekuwa wakilalamikia nyufa wanazosema zinatokana na milipuko. Kwingine ufa umeletwa na mwenye nyumba mwenyewe aliyeongeza chumba bila kufungamanisha tofali mpya na za zamani. Huo huenda wima, umenyooka, pale pale nyumba mbili zinapokutana. Ufa wa kukimbia mlalo chini ya paa mara nyingi unakwambia lenta haipo, au kenchi zinausukuma ukuta.

Fundi wa kweli atafanya nini mbele ya ufa? Atatoka nje kuangalia kama umetokea upande wa pili. Atatazama maji ya paa yanaangukia wapi, na kama yanatuama penye msingi. Atauliza: mwezi wa kumi ulikuwa hivi, au ulifunguka zaidi? Atatoa timazi aone kama ukuta umeinama. Atauliza ule mkaratusi ulio hatua chache kutoka dirishani ulipandwa lini, kwa sababu mti unaokunywa maji mengi huukausha udongo upande mmoja na kuzamisha kona ya nyumba. Kisha atachukua penseli, aweke alama kila mwisho wa ufa, aandike tarehe, na abandike kipande chembamba cha kioo kwa saruji kikivuka ufa katikati. "Tusubiri, mayu. Kioo kikipasuka, ukuta bado unatembea. Tukiziba leo utaniita tena Desemba." Anayekwambia subiri, ilhali mkononi una hela ya kumpa, huyo mshike.

Na dawa atakayoitaja haitaanza na plasta. Ataanza na maji: mtaro wa kuyaondoa, zege la kuzunguka nyumba lenye mteremko wa kuelekea nje, pengine kuukata ule mti. Nyufa nyembamba ambazo hazitembei zitazibwa zikaisha. Ufa unaoingiza kidole, au mlango ulioanza kugoma kufunga, hapo anahitajika mtu zaidi ya fundi mwashi. Ofisi ya mhandisi ya halmashauri yako ndiyo ya kuulizia, na ukuta unaobeba paa usibomolewe bila kibali na bila mtaalamu.

Fundi akija, akaangalia dakika mbili na kusema, "Hii kazi ndogo, nipe laki na nusu," umeshapata jibu lako.

Nitasema neno kuhusu paa, maana lina historia yake kwetu. Usiku wa kuamkia Machi 4, 2015, mvua ya mawe na upepo iliipiga Mwakata, wilayani Kahama, ikaua watu zaidi ya 40. Wengi waliangukiwa na nyumba zao za udongo. Kila nikimwona fundi anapigilia bati haraka haraka nakumbuka Mwakata. Bati lenye namba ndogo ya geji ndilo nene: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Msumari wa bati za kawaida hupigwa juu ya mgongo wa bati, si bondeni ambako maji hupita. Hilo unaliona wewe mwenyewe ukiwa umesimama chini. Lisiloonekana ni kama kenchi zimefungwa kwenye lenta kwa nondo au waya mgumu, au zimekaa tu juu ya ukuta kwa uzito wake. Muulize fundi atakavyozifunga, na umwambie akuite uone kabla ya kufunika. Mbao zipakwe dawa ya mchwa kabla ya kupanda juu. Mchwa wa kwetu hawana simile.

Kwa nyumba za tofali mbichi kuna kosa linalorudiwa kila mtaa: kupiga plasta ya saruji moja kwa moja juu ya udongo. Saruji na udongo havishikani vema, na baada ya mvua plasta inabanduka kama gamba. Fundi mzoefu atapigilia kwanza wavu wa waya ukutani, au atakushauri plasta ya udongo iliyoboreshwa kidogo. Asipolitaja, litaje wewe.

Umeme sina la kubembeleza. Anayegusa nyaya za nyumba yako awe na leseni ya EWURA, ambayo hutolewa kwa madaraja kulingana na ukubwa wa kazi, na utake kuiona, si kusimuliwa. TANESCO nao huhitaji fundi mwenye leseni kwenye fomu za kuunganishiwa umeme, kwa hiyo watu hawa wapo, wanajulikana, na ofisi ya TANESCO iliyo karibu nawe inaweza kukuelekeza. Wapo mafundi wa mtaani wanaojua umeme vizuri bila leseni. Siwakatai kwa ustadi, nawakataa kwa sababu moto ukitokea utabaki peke yako na majivu. Wewe mwenyewe unaweza kukagua machache. Taa hutumia waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5. Soketi zikivutwa kwa waya wa taa, pasi na jiko la umeme vitauchemsha ukutani bila wewe kuona. Uliza nondo ya ethi imezikwa wapi, na uoneshwe. Ukihisi mshtuko mdogo ukigusa mlango wa friji, usizoee. Ita fundi siku hiyohiyo. Kazi ya umeme huhesabiwa kwa pointi, na hilo linakusaidia: hesabu taa, swichi na soketi zako mwenyewe kabla hajaja, mlinganishe hesabu.

Maji ni afadhali kidogo, maana kosa lake hulowesha tu. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafikishwe Shinyanga na Kahama mwaka 2009, nyumba nyingi zimehama kutoka ndoo kwenda bomba, na mafundi bomba wameongezeka kwa haraka kuliko ujuzi. Kabla bomba halijafukiwa au kufunikwa na marumaru, lijazwe maji na liachwe usiku mzima. Asubuhi pitisha mkono kwenye kila kiungo. Ukishapandisha marumaru juu ya kiungo kinachovuja, bei ya kazi ni mara tatu.

Kuhusu vifaa, nunua mwenyewe. Fundi akuandikie orodha, wewe ndiye uende dukani, ulipe kwa simu au uchukue risiti, na vifaa vilale kwako. Huko ni kumwondolea fundi kishawishi na kujiondolea wewe wasiwasi, nanyi mtafanya kazi kwa amani. Kwenye mchanga, ukanda wetu una hatari ambayo miji mingine haina. Karibu na machimbo kuna marundo ya marudio, mchanga uliokwisha pita kwenye karasha na mialo, na umeguswa na zebaki. Ni bure au ni bei ya chini, uko karibu, na wapo wanaoupeleka site. Usikubali uingie kwenye plasta ya chumba wanacholala watoto, wala usichezewe uani. Uliza lori linatoka mto gani. Na kama nyumba unayoikarabati iliwahi kukaliwa na watu waliokuwa wakichomea dhahabu ndani, fundi asikwangue wala kufagia kavu. Milango ifunguliwe, sakafu iloweshwe, na watoto wasiwepo.

Tuje kwenye fedha. Kwenye mji wa dhahabu bei hupanda kwa kumwangalia mtu usoni. Akijua unafanya kazi mgodini, au mumeo yuko machimbo na juzi alipata, unatajiwa bei nyingine. Dawa yake ni kuvunja bei vipande: plasta kwa mita ya mraba, umeme kwa pointi, kujenga kwa tofali, kuezeka kwa bati. Bei ya vipande unaweza kuilinganisha na ya jirani. Bei ya mkupuo huwezi. Kazi ambayo haijulikani mwisho wake, kama kufukua bomba kutafuta panapovuja, mlipe kwa kutwa. Kazi inayopimika mpe kwa makubaliano ya kazi nzima, maana kutwa kwenye kazi inayopimika huzaa siku.

Kamwe usilipe yote mwanzoni, na hata nusu ni nyingi. Fundi hana akiba, anahitaji ya kuachia nyumbani. Hilo ni halali yake, mpe kidogo siku ya kwanza. Baada ya hapo malipo yafuate hatua iliyokamilika na kuonekana, si siku zilizopita. Iliyobaki, kama moja ya kumi, ikae wiki mbili baada ya kumaliza, na umwambie tangu mwanzo mbele ya mtu. Fundi anayejiamini hukubali. Hiyo moja ya kumi ndiyo inayomrudisha rashi inapomwita, kwa sababu hata porini anakumbuka ana hela yake mtaani. Na akipotea, akarudi baada ya miezi mitatu akiomba radhi? Mimi humpokea, kwa sharti kwamba amalize kwanza kazi ile kwa bei ileile. Wapo waliogeuka waaminifu baada ya hapo. Duara nalo humfunza mtu.

Mwandikiane. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, lakini mdomo hauna tarehe. Karatasi ya daftari inatosha, nakala mbili, kila mtu na yake:

"10 Juni. Mimi fundi (jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, namba ya simu, mtaa ninaokaa) nimekubali kubandua plasta ya ukuta wa mashariki na kupiga upya, mita za mraba 24. Vifaa ni vya mwenye nyumba. Kuanza Jumatatu, kumaliza Jumamosi. Kumwagilia maji siku saba: mwenye nyumba. Malipo: siku ya kuanza, shilingi… Nusu ya ukuta ikikamilika, shilingi… Ukuta wote, shilingi… Baki baada ya wiki mbili, shilingi… Wasaidizi ni wawili, nawalipa mimi. Shahidi: mjumbe."

Msiidharau hiyo mistari kuhusu maji na wasaidizi. Jua la Shinyanga hukausha plasta ndani ya saa chache. Isipomwagiliwa inapasuka, kisha fundi na mwenye nyumba wanalaumiana bila mwisho. Na saidia fundi asiyelipwa na fundi atakuja kugonga mlango wako usiku. Malipo yapite kwenye simu kila inapowezekana. Ujumbe wa muamala una jina, kiasi na saa, nao haubishani na mtu.

Akina mama ambao waume zao wako machimbo, hili ni lenu. Fundi anafika, anaanza:

"Mwangaluka mayu. Mzee yupo?"

"Mwangaluka. Mzee yuko machimbo. Kazi ni hii hapa, ipime."

"Basi nitampigia mzee tukubaliane naye bei."

"Fundi, hela ninayo mimi na karatasi nasaini mimi. Wewe niambie ukuta unataka nini."

Msimamo huo uwekeni siku ya kwanza. Bei iliyopatanwa kwa simu na mtu aliye umbali wa kilomita mia, ambaye hajauona ukuta tangu Pasaka, ni bei ya kupigwa. Na anayeishi ndani ya nyumba ndiye anayejua paa linavuja upande gani.

Nawe mwenye nyumba una wajibu. Mafundi wazuri huchagua wateja, na mtaani mnajadiliwa. Lipa siku uliyosema. Ukibadili mawazo ukataka dirisha lihamishwe, ongezeni bei na muandike. Toa maji ya kunywa, na kama umeahidi chakula kiwe chakula. Usimwache apande juu ya ngazi ya miti iliyofungwa kamba mbovu. Akivunjika, hilo ni lako pia, na mzungumze mapema nani atampeleka hospitali. Nimeona fundi akiacha rashi iende kwa sababu mama mwenye nyumba alimuuguzia mtoto. Mkataba hauwezi kuandika jambo kama hilo.

Majira nayo yazingatiwe. Kwetu mafundi wengi ni wakulima. Mvua za kwanza zikidondoka Oktoba au Novemba, mwiko unawekwa chini jembe linashikwa, na hakuna bei itakayomtoa shambani wiki ya kupanda. Kuanzia Juni hadi Septemba ndio wakati wa matengenezo, ardhi imekauka na barabara zinapitika, lakini ndio wakati pia ambapo hela za pamba na mpunga zimeingia na kila mtu anaezeka. Basi Mei ndio mwezi wa kumtafuta, kumwonesha kazi na kumpa nafasi kwenye foleni yake. Paa lililotengenezwa kiangazi halina mvua ya kulipima, kwa hiyo kabla ya malipo ya mwisho mwagia maji ndoo baada ya ndoo kuanzia kwenye kofia, mtu mwingine akiwa ndani anatazama silingi bodi.

Ikitokea kazi imeharibika na fundi amegoma, anza na mwenyekiti wa mtaa au kitongoji. Anaweza kuwaita wote wawili, na fundi mwenye mizizi hapendi kuitwa pale. Mpeleke fundi mwingine aipime hasara na aiandike, na kabla hujabomoa chochote, piga picha. Wengi hukimbilia polisi, lakini kutomaliza kazi kwa kawaida ni madai, na madai yana mahali pake: Mahakama ya Mwanzo, ambako kesi inaendeshwa kwa Kiswahili na unajieleza mwenyewe. Kama alichukua fedha za vifaa akatoweka bila kununua hata msumari, hapo polisi wanaweza kuona jinai. Popote utakapokwenda utaulizwa mambo manne: mlikubaliana nini, ulimlipa kiasi gani, kipi kimefanyika, na nani aliona. Karatasi ya daftari, jumbe za simu, picha zenye tarehe na jina la mjumbe aliyeshuhudia vinayajibu yote manne, na vyote hivyo hukusanywa siku kazi inapoanza.